Mheshimiwa

Nkuhungu, nyuma ya kiwanda cha matofali,
tunaishi na kenge.
Ndahani alimtoa Hombolo, pembeni mwa bwawa,
akiwa mfupi kuliko rula ya shule.
Tukamwita Mheshimiwa:
asubuhi nzima anasinzia juani, macho nusu,
chakula kikitajwa anaamka kuchangia.

Simlaumu. Alinionya.
Alivimbisha koo, akafoka kama tairi la baiskeli linalotoka upepo,
mkia ukauchapa ukuta wa banda, mara moja, mara mbili.
Nami nilikuwa nimetoka kupaa perege wa Mtera,
mikono inanuka samaki hadi viwikoni,
nikaushusha mkono kutoka juu, kama mwewe.
Sikio la kenge, wanasema, halisikii mpaka litoke damu.
Siku ile lilikuwa sikio langu.

"Usivute, shangazi!"
Hilo ndilo gumu. Mwili wote unataka kuvuta,
na meno yake yameinamia ndani:
ukivuta, unajichana nyama mwenyewe.
Nikachuchumaa. Nikamshusha, miguu yake ikagusa udongo,
maana aning'iniaye hung'ang'ania.
Tukangoja, yeye na mimi,
kama watu waliogombana na chumba ni kimoja.
Ndahani akaleta mvinyo uliochacha, masalio ya kipaimara cha Lechipya,
akadondosha tone pembeni mwa mdomo.
Mheshimiwa akakunja uso.
Akaniachia.

Bahati, ilikuwa siku yetu ya mgao wa maji.
Sabuni ya kipande, bomba wazi, robo saa nzima,
mama mkwe anakuja na jivu kijikoni, namkatalia.
Zahanati, nesi Yaledi na daftari lake:
"Umeumwa na nini? Mbwa?"
"Mheshimiwa."
Kalamu ikasimama hewani.
Kisha akaniambia nikunje mkono wa gauni,
sindano ya pepopunda haina itikadi.

Sasa nanawa kabla, nanawa baada.
Naingia kwa ubavu, chini chini, aone kiganja kinavyokuja.
Nyama naipeleka kwa koleo la mkaa.
Koo likivimba, nageuka, naenda zangu kufua.

Kovu limekaa katikati ya dole gumba.
Simu yangu imekataa kunitambua tangu Machi:
naigusa, inatetemeka, jaribu tena.
Bandani, Mheshimiwa anatoa ulimi wake wa panda,
anaonja hewa,
anafumba jicho.
Yeye kanitambua.