Kiti cha Urve

Urve Kallaste, hatukuonana.
Ndege yako ilikwenda nilikotoka, yangu ikaja ulikotoka,
na fomu ya mpango ikatuita "jozi",
kama soksi mbili zilizofuliwa siku tofauti.

Wewe msajili wa chuo cha ufundi, Viljandi.
Mimi msajili wa chuo cha ualimu, Tacuarembó.
Miezi kumi, kiti kwa kiti, ufunguo kwa ufunguo.
Niliondoka Agosti, baridi yetu ingali ikikohoa mlangoni,
nikaikimbilia yako.
Mwaka mmoja, vipupwe viwili!
Nawe ukavuna viangazi viwili mfululizo,
na kamati ikaandika kwamba tumepata sawa kwa sawa.

Kiti chako kilikuwa kirefu.
Nilikaa, miguu ikaelea
kama ya mtoto wa chekechea aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.
Nikakishusha. Kikapumua, fyuuu,
na Tiidrik wa meza ya pili akainua macho,
akayarudisha kwenye karatasi zake bila neno.

Bila neno: hapo ndipo masomo yangu yalipoanzia.
Mkutano wa kwanza nilisoma pendekezo langu la ratiba,
nikangoja.
Watu kumi na mmoja, na theluji dirishani.
Mimi nimelelewa na watu wanaokatizana hata wakikubaliana;
kwetu kimya ni mlango uliobamizwa.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajiambia,
nikakaza mbavu kuupokea mshindo.
Haukuja. Walikusanya kalamu, wakavaa makoti.
Usiku kucha niliandika barua ya kuomba radhi.
Asubuhi ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani,
yangu, neno kwa neno,
pini nne zimenyooka.

Nami niliwakosea.
Nilibeba kibuyu, chupa ya maji moto, mrija wa chuma
na majani ya mate
(jina ndilo hilo, msomaji; cheka, kisha turudi mezani:
mrija mmoja, vinywa vyote).
Kwetu kibuyu huzunguka, na asemaye "asante"
amesema: nimetosheka, nipite.
Basi wale watu wenye adabu zao, mmoja mmoja,
wakafyonza, wakakunja uso, wakasema asante.
Nikawapita. Kesho yake nikawapita.
Wiki mbili nilikunywa peke yangu
nikidhani wamekichukia,
nao wakidhani nimewasusa,
hadi Tiidrik, macho kwenye viatu vyake vya ndani,
aliponiuliza kosa lao lilikuwa lipi.

Kwenye droo ya tatu uliniachia karatasi:
*Ufunguo mdogo haufungui chochote. Usiutupe.*
Sikuutupa.

Sasa nimerudi, na fomu ya mwisho
inadai "matokeo yanayopimika".
Nipime kwa rula ipi?
Kibuyu changu cha akiba umekiosha kwa sabuni,
kosa ambalo bibi yangu angelipigia kelele mtaa mzima;
nimekusamehe, kinanuka maua.
Orodha zangu za wanafunzi umezipanga
kwa namna ambayo siielewi na sitaki kuivuruga.

Jana, kikaoni, mkuu wa chuo alimaliza kusema
nami nikatulia, nikihesabu pumzi,
nikiyaacha maneno yake yakauke kama rangi.
Wilmar wa stoo akaniinamia:
"Mama Nélida, unaumwa? Mbona hukatizi?
Yule mwenzako naye alikuwa hivyohivyo.
Mwezi wa nne ndipo alipoanza kutugombeza."

Ulitugombeza, Urve?
Kwa sauti?

Nimeacha mistari mitatu ya fomu mitupu.
Kiti changu umekipandisha hadi mwisho wa chuma.
Nilishika wenzo nikishushe,
nikauachia.
Nakuandikia miguu ikining'inia.