Lita Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu umeulalia mlima wa Asturias,
lori la maziwa linanguruma uani,
na mimi, mgeni wa kiti hiki,
nimekabidhiwa kompyuta kuukuu ya Linux
na maelezo ya Eloy juu ya kipande cha boksi la jibini:
"Bofya mara mbili. Basi."

Nikabofya mara mbili.
Badala ya kutenda, faili likafunguka,
likanianikia matumbo yake: mabano, nyota, alama za reli,
kama mtoto uliyemtuma dukani
akasimama mlangoni kukusomea orodha.

Nikabofya tena. Akanisomea tena.

Eloy kahamia Gijón kwa bintiye, simu hapokei.
Basi nikasoma, kidole juu ya kioo:
chukua lita za kila mfugaji, zidisha kwa bei,
toa gharama ya lori. Hesabu ya mtu mnyoofu.

Mstari wa arobaini na moja:
akiwa ni Obdulia, ongeza mbili.

Na juu yake, nyuma ya alama ya reli,
pale mashine hupita imefumba macho,
Eloy aliwaandikia wenye macho:
"Ng'ombe wake Pinta alitumbukia korongoni.
Mwenyekiti haulizi. Nawe usiulize."
Tarehe ya miaka sita nyuma.

Nilianza kuzidisha kichwani, nikaachia njiani.
Nje, Obdulia mwenyewe kashusha lita zake kumi na mbili,
anaupangusa mdomo wa ndoo kwa aproni,
anamtania dereva kuhusu sharubu.
Anajua? Uso wake haukunijibu,
ulinisalimu tu.

Nikabofya kulia, nikazifungua sifa za faili.
Kisanduku kilikuwa kitupu:
Ruhusu faili hili lifanye kazi kama programu.
Kumbe walipohamisha mafaili kwa flashi
ruhusa ilidondoka njiani.

Kidole kilikaa hewani muda wa lori kugeuza.
Mstari ule ningeweza kuufuta,
ni herufi chache, hata panya wa ghalani asingeshtuka.

Nikatia tiki.
Bofya, bofya.
Dirisha jeusi likafumbua jicho, likafumba,
printa ikakohoa,
yakatoka majina kumi na tisa,
na la Obdulia humo humo, lita kumi na nne,
wino uleule, ukubwa uleule.

Kipande cha boksi nimekibandika ukutani.
Sijaongeza neno.