Rangi ya Mlango wa Jikoni

Kaka yangu Oto aliwachongea meno watu wa Zvolen
kwa miaka thelathini na minane.
Sasa anachonga ndege ya kivita ya mabawa mawili.
Vifaa ni vilevile: kichokonoo chenye ncha ya ndoana,
kioo cha mviringo kilichozoea kuchungulia magego
na leo kinachungulia kiti cha rubani
kisichozidi punje ya dengu.

"Shika hapa," aliniambia, "na usipumue ovyo."
Bawa la juu lilikuwa bado halijakubaliana na la chini.
Nguzo za katikati, nyembamba kuliko njiti za kiberiti,
kila moja na ukaidi wake:
ukiisimamisha ya mbele, ya nyuma inalala.
Gundi, alisema, inataka dakika ishirini.

Dakika ishirini ni nyingi
kwa watu ambao hawajazungumza
tangu nyumba ya Brezno iuzwe.
Nilishika. Yeye akashika upande wa pili
kwa ule mkono wa kushoto ulioguswa na kiharusi,
ukitetemeka, hata bawa nalo likatetemeka
kama linapita kwenye upepo usiokuwemo chumbani.
Tulisikia jokofu.
Tulisikia Bi. Hudáková wa ghorofa ya juu akiburura kiti.
Kwenye dakika ya saba, pua yangu ikaanza kuwasha.

"Tatizo ni rangi," alisema Oto, macho yakiwa palepale.
"Kitabu hiki kinasema zaituni. Kile kinasema khaki.
Picha zote ni za kijivu.
Baba alizifunika ndege hizi usiku, akazifunua alfajiri,
nami sikumuuliza hata siku moja
zilikuwa za rangi gani."

Nikacheka, bawa nusura litutoke.
"Mjinga wewe. Mlango wa jikoni!"

Vita vilipokwisha, baba alitoka kiwanjani
na kopo moja chini ya koti.
Mama alilalamika kuwa mlango unanuka petroli,
kuwa ile ni kijani ya kitu kilichofia bwawani.
Ndipo nilipopimiwa kimo, kwa kisu,
mimi na Oto, alama zikikimbizana hadi usawa wa komeo.

"Ulipakwa nyeupe," alisema.
"Ndiyo. Kisha samawati. Lakini chini yake?"
Hakujibu.
Gundi ilikwisha kushika. Hakuna aliyeachia.

Jumamosi nikapanda basi la Brezno.
Utamwambiaje mtu usiyemjua
kwamba umekuja kukwangua mlango wake?
Nilisema hivyohivyo.
Kijana mwenye unga mikononi alinitazama,
akanitazama tena, akanipeleka bandani:
mlango ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili,
umebeba miche ya nyanya.
Alisogeza vikopo kimoja kimoja, bila kuuliza.
Nilitumia tupa ya kucha.
Samawati ikatoka. Nyeupe ikatoka, kwa shida.
Halafu nikanusa petroli, au nilidhani nimenusa,
baada ya miaka sabini.

Gamba lenyewe, dogo kama ukucha wa mtoto,
nililibeba ndani ya bahasha ya dawa za presha.
Oto aliliweka chini ya lenzi
akakaa nalo kimya mpaka chai yangu ikapoa.
Kijani. Kahawia. Manjano kidogo.
Tone la nyeusi, akalifuta,
akalirudisha nusu yake.
"Mama alisema kweli," akanena. "Bwawani kabisa."

Kwenye bawa la juu, upande wa kulia,
kuna alama ya kidole gumba changu iliyogandia kwenye gundi.
Ametumia msasa kila mahali, hapo amepakwepa.
Sikuuliza, naye hakusema.

Zimebaki nyaya. Ishirini na nne, anasema,
za uzi wa nailoni mwembamba kama unywele,
na mkono wake hauwezi kuzifunga.
Nije Jumanne.
Nije na miwani yangu, si ile ya duka la dawa.