Stakabadhi ya Mnasemaje

Daftarini pana safu ya mwenye mbwa,
safu ya jina la mbwa, safu ya rangi,
na safu nyembamba, mwisho kabisa, iliyoandikwa HALI.
Humo natia herufi moja tu:
H, amehasiwa. K, yu kamili.
H ni elfu tano. K ni elfu kumi na tano.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka Newala,
bati la banda likidondosha maji yasiyotosha hata kunawa,
akaingia Bi Somoe Nantimbo, kwa miguu kutoka Mkunya,
kanga imelowa hadi magotini,
salfa ya mikorosho ingali njano kwenye kucha.
"Nimemfuata Mnasemaje."
Nani?
"Mbwa wangu. Jina hilo nililiweka kwa ajili ya majirani."

Mnasemaje akaisikia sauti, akaupiga mkia kwenye wavu
hadi wenzake sita wakaamka.
Kahawia. Sikio la kushoto limechanika.
Nikainama nikatazama, kama kazi inavyotaka.
Nikaandika K.

Akausoma ubao wa ada kwa kidole,
taratibu, kama asomaye barua ya msiba.
"Kumi na tano. Kosa lake nini?"
Hajahasiwa, mama.
"Hilo si kosa, mwanangu, ndivyo alivyozaliwa.
Na wewe je, wanakukata mshahara?"
Mlinzi akacheka, akajifanya anakohoa.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa semina:
anayehasi anapunguza mzigo, asiyehasi anauongeza,
basi na aubebe.
"Nikahasi wapi?"
Hapo nikanyamaza, maana najua.
Daktari wa mifugo alikuja mwaka juzi, siku mbili,
akahasi mbwa wa mjini mpaka uzi ukamwishia.
Mkunya hakufika.
Na saa moja kabla alikuwa amepita mwalimu Likanda na pikipiki yake,
mbwa mnene, H,
akalipa elfu kumi taslimu, chenji hakuingoja.

Lakini ule ubao siwezi kuung'oa.
Mimi ndiye niliyefungua gunia nyuma ya ghala la chama cha msingi
nikidhani ni korosho za kangomba:
watoto wa mbwa tisa, macho hayajafunguka,
wawili wangali na joto.
Mimi ndiye niliyeandika jina la mtoto wa Mnyambe
aliyeng'atwa shavu,
baba yake akaweka rehani korosho zikiwa bado maua
apate sindano za kichaa.
Yule mbwa alizaliwa na mbwa wa mtu.
Yule mtu sijamwona hapa dirishani.

Bi Somoe akafungua fundo.
Kumi na mbili na mia tano,
na kibaba cha korosho za msimu uliopita ndani ya nailoni.
"Bangua mwenyewe uone kama hazifidii."
Mashine haipokei korosho. Inataka namba ya malipo.
Nikaongeza mbili na mia tano zangu.
Usinisifu, ngoja.

Stakabadhi ikatoka. Akaishika mbali na macho.
"Hii K?"
Kamili.
"Kamili," akarudia,
akaikunja mara nne, akaifunga palepale zilipokuwa fedha,
kama cheti cha mtoto aliyefaulu,
akaondoka, mbwa ametangulia, wala hajageuka.

Jioni nikarudi kwangu.
Chini ya uchaga, Tulia wangu amelala ubavu,
watoto saba wanagombea chuchu, wanne kahawia.
Mkamata mbwa anajua ni mbwa wa karani,
humpita akipiga mluzi.
Hajaandikwa safu yoyote.
Nikachukua kibatari, nikaanza hesabu:
saba, mara elfu kumi na tano,
na mama yao.
Nikakizima kabla sijafika jumla.