Chini ya Kumi

Farumi ni maji ambayo meli hunywa ikiwa tupu
ili mawimbi yasiilaze ubavu.
Hunywa bandari hii, hutapika bandari ile,
na ndani ya kila tone mna abiria
ambaye hakukata tiketi.

Mtambo ulikwisha kufaulu kwenye chumvi kali na chumvi nusu.
Ulibaki mtihani wa maji baridi,
ndipo wakauleta Itungi kwa malori mawili:
chujio, taa zake za zambarau, na Bwana Mwaisaka
mwenye kalamu mfukoni, tayari kwa sahihi yangu.
Majaribio matano, mfululizo.
Maji yakae tangini gizani siku tano,
kisha mita nzima ya ujazo ichujwe hadi itoshe chupani,
nami nihesabu walio hai.
Chini ya kumi, cheti.
Kumi kamili, fungeni mizigo.

Maji baridi, kwa lugha ya fomu, ni yale yasiyo na chumvi.
Fomu haijawahi kupita Isyonje saa kumi na moja alfajiri,
ukungu umekaa barabarani kama mwenye shamba,
wauza viazi wamejifunga mablanketi,
Lugano anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha,
na nyuma, kwenye boksi la samaki,
chupa zangu zinagonganisha meno.

Mbeya, nyuma ya soko la Mwanjelwa,
nikaweka tone la kwanza chini ya hadubini.
Nikamchokoza mmoja kwa sindano: kimya.
Wa pili, miguu imekunjamana kama mwavuli uliovunjika: kimya.
Sifuri.
Bwana Mwaisaka akampigia mtu simu, akicheka.

Ningetia sahihi. Mkono ulikwisha kuishika kalamu yake,
nzito, ya dhahabu ya uongo.
Lakini ilibaki chupa yenye utepe mwekundu,
maji ambayo hayakupita mtamboni,
yaliyochotwa tu yakawekwa, kama shahidi.
Humo walipaswa kurukaruka
kama watoto wa shule kengele ikilia.
Nikatazama.
Nikachokoza.
Nikabadilisha kioo, nikachokoza tena.

Shahidi amekufa,
na taa haikumgusa.
Ameuawa na Isyonje.

“Si wamekufa?” akasema Bwana Mwaisaka. “Tatizo liko wapi?”
Nikaandika neno moja, *batili*,
nikashangaa herufi zangu zilivyo kubwa.

Baada ya wiki nikashuka na basi hadi Kyela
nimepakata hadubini ndani ya kanga ya mama
kama mtoto mwenye surua.
Jirani yangu wa kiti akauliza ana miezi mingapi.
Nikasema kumi na minne,
tangu asafishwe lenzi.

Itungi, Mama Ambwene alinipa stoo yake ya mpunga.
Meza kati ya magunia, neti ya mbu juu yangu na ya taa,
maana jioni ile nkungu walipanda kutoka ziwani
kama moshi wenye mabawa,
na watoto nje wakawavuna kwa ungo, wakigombana.

Chupa ya utepe mwekundu:
mia mbili na kumi na nne, kisha nikapoteza hesabu
kwa furaha, nikaanza upya.
Chupa ya mtambo:
sindano, kimya. Sindano, kimya.
Sindano,
mmoja akapiga kasia.

Saa sita usiku nilikuwa nao saba.
Niliwahesabu mara tatu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa,
kana kwamba lugha nyingine ingempata wa nane.

Saba ni chini ya kumi.
Kisanduku kwenye fomu kinataka tiki tu,
hakiulizi waliobaki ni wangapi, wala wanakwenda wapi.
Nikaweka tiki.
Pembeni, kwa penseli, nikaandika 7.

Kisha nikatoka na kisahani hadi ukingoni,
nkungu wakinijaa nywele,
nikawamwaga kwao, ambako hawadaiwi tiketi,
nikarudi kuosha vioo.
Yamebaki majaribio manne.