Vijipesa vya Kilufya

Ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, Katuba,
baba mkubwa Kilufya ana vijipesa arobaini na kimoja
vya watawala wadogo wa Ujerumani:
kila mji na tai wake, kila askofu na ufunguo wake,
vyembamba kama magamba ya samaki.

Miaka thelathini alipima madini kiwandani,
chini ya dohani ile ndefu.
Sasa anapima kwa ulimi.
"Mwaka elfu moja mia sita ishirini na mbili
waliapa kwamba hii ni fedha. Lamba."
Nalamba. Ladha ya mvua iliyolala kwenye bati.

Kimoja, alichompa padri redio nzima, na betri ndani, akipate,
kimelika puani mwa mtawala:
weupe umetoka, wekundu umechungulia.
Hapo hucheka mpaka akohoe.
"Mtu wa Shaba huyu! Ndugu yetu kabisa,
alijipaka poda tu."

Mama mkubwa anauliza vitanunua unga kilo ngapi.

Kimya. Anakifuta kwa shati,
anakirudisha kwenye karatasi yake
yenye mwandiko wa maabara: mji, mwaka,
na penye uzito, nafasi tupu.
Mizani iliuzwa
mwaka ule mishahara ilipokoma.