Mpini wa Mbuni

Imeletwa asubuhi, imefungwa kwenye kanga
kama mgonjwa anayefichwa majirani.
Mama Aikande kailaza juu ya benchi langu, hapa Pasua,
akasema: "Fundi, usiniulize nani kavunja."
Sikuuliza. Mtaa wote unajua.

Kundaeli alikuwa amebakiza mpira mweusi,
mpira na shimo vikitazamana kama maharusi,
akakosa.
Akaipiga fimbo kwenye ukingo wa meza
na mpini ukachanika kwa urefu, kama muwa.

Nusu ya mbele ni nzima, haina hata mkwaruzo.
Ndivyo hasira ilivyo:
huvunja palepale ilipopashika.

Mimi ni fundi wa mipini. Majembe, mashoka,
nyundo za akina mama wanaoponda kokoto.
Jembe halina makuu: lipe mti usioteleza,
litalima.
Fimbo ya puli inataka kupimwa kama dhahabu,
na mimi dhahabu sijawahi kupima.

Nimeikata penye uzima,
mkato wa mshazari, mrefu kama kiganja.
Halafu nikatazama juu.
Kwenye kenchi kuna gogo la mbuni,
la mwaka tuliong'oa kahawa kihambani, Kibosho,
tukapanda nyanya.
Baba hakutoka ndani siku mbili.
Siku ya tatu alisema neno moja tu:
"Msizichome zote."
Sikujua namtunzia nini. Miaka kumi na mmoja
gogo limekauka, likawa zito
kama jibu lililomezwa.

Nimelikereza. Vumbi lake halinukii kahawa,
msidanganyike;
linanuka unga uliosahauliwa kwenye debe.

Gundi. Kisha tyubu ya baiskeli, nimeivuta, nimezungusha,
mzunguko juu ya mzunguko, hadi vidole vikafa ganzi.
Nikailaza chini ya kitanda.
Mke wangu akauliza kama sasa tunafuga nyoka.

Siku ya tatu nikaiviringisha juu ya kioo cha kabati.
Ilirukaruka.
Msasa.
Ikachechemea.
Msasa, msasa, na tusi moja la Kichaga.
Mara ya tano ilipita kimya,
kama mtu aingiaye msibani na viatu mkononi.

Mzani wa duka la Shirima ukasema imezidi gramu sitini.
Nimetoboa kitako, nikaikwangua nyama ya ndani,
nikatoa arobaini.
Ishirini nimeziacha.
Hizo ni za mzee.

Jioni niliipeleka mwenyewe.
Kundaeli alikuwa ukutani, mikono mfukoni,
kapigwa marufuku hadi alipe.
Kijana mmoja akauliza ni mti gani.
"Mbuni."
"Yule ndege?" Wakacheka mpaka chaki ikaanguka.
Kundaeli hakucheka. Kwao Uru pia waling'oa.

Mama Aikande akampa yeye wa kwanza.
Sijui kwa nini. Labda ili tumwone.
Akapaka chaki, akainama, akasita;
kidole gumba kikatafuta kile kibonyeo cha zamani,
hakikukiona.
"Siyo ile," akasema.
"Nusu yake ndiyo," nikamjibu.

Akapiga.
Akakosa tena, kwa upana wa ukucha.
Watu wote wakaacha kutafuna.
Akainuka, akaitazama,
akaiegemeza ukutani polepole, kwa mikono miwili,
kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani.

Ananidai pole, mimi namdai elfu nane.
Juzi kaleta elfu tatu na mkungu wa ndizi mshare;
zilizobaki, kasema, atanilipa kahawa ikirudi bei.

Kipande cha gogo kimebaki, kama dhiraa hivi.
Nimekirudisha kwenye kenchi.
Mji huu una hasira nyingi,
na mbuni umekwisha.